Mchanga wa Jiwe la Mvua

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa jiwe, na chini ya jiwe maji.

Nani aliyanywa?

Tulieni, mtasikia.

Hapo kale, kale ya kale, katikati ya mbuga palikuwa na jiwe kubwa jeusi. Chini yake ilitoka chemchemi ndogo, haikauki masika wala kiangazi. Pundamilia walisema Mungu alilishusha jiwe lile siku babu yao alipopiga magoti kuomba mvua. Nyumbu walisema bibi yao ndiye aliyelia pale, akalia, akalia, hadi Mungu akamfungulia maji. Kila kabila likashika lake, na hakuna aliyemkosoa mwenzake. Asubuhi waliomba pundamilia. Jioni wakaomba nyumbu.

Na palikuwa na desturi. Waliomaliza ibada waliufagia mchanga kwa mikia yao, wakirudi kinyumenyume, ili wenzao wakija waukute laini, hauna unyayo hata mmoja. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yao. Kuacha unyayo mbele ya jiwe lilikuwa tusi.

Upande wa pundamilia, aliyefagia wa mwisho alikuwa jike aitwaye Tunu. Tunu hakuwa na mtoto. Wake alichukuliwa na mamba mtoni. Lakini shoga yake Mwaka, nyumbu, alikuwa na ndama aitwaye Kombo, na Kombo alimwita Tunu mama mdogo. Akishashiba maziwa ya mama yake, alikwenda kusinzia ubavuni kwa Tunu, akiisugua ile mistari kwa kichwa kana kwamba anataka kuifuta. Tunu alikuwa akisimama bila kutikisika mpaka mtoto aamke.

Sasa, Mbweha alikuwa na njaa. Alizitamani nyama zile zote zilizonona, lakini yeye mdogo, na kwato za wenyewe nzito. Akawaza: mimi siwezi kuwaangusha. Basi na waangushane.

Siku ya kwanza alibeba kinyesi cha nyumbu, akalipaka jiwe. Asubuhi pundamilia wakaja, wakaona, wakanuna. Tunu aliona na kingine: alama za makucha mchangani, pembeni mwa jiwe. Nyumbu ana kwato, hana makucha. Alitaka kusema, lakini Mzee Makame, mkubwa wa kundi, alikuwa ameshaanza ibada, na ibada ilipokwisha wote walikuwa wakifagia. Mkia wa Tunu ukapita juu ya alama zile, shwa, shwa, zikapotea.

Siku ya pili Mbweha aliivuruga chemchemi ikawa tope, akatupia humo manyoya ya shingo ya pundamilia. Jioni nyumbu wakaja, wakaona, wakanuna. Wakaomba. Wakafagia. Wakaondoka.

Siku ya tatu alikwenda kwa pundamilia, akawaambia kwa upole kwamba nyumbu wanataka na asubuhi pia, kwa kuwa jiwe ni la bibi yao. Akaenda kwa nyumbu, akawaambia kwa upole kwamba pundamilia wanataka na jioni pia, kwa kuwa jiwe ni la babu yao. Kila upande ukaapa kwenda kulilinda jiwe adhuhuri ya siku ileile.

Tunu akamkimbilia Mwaka malishoni.

"Shoga, ni Mbweha. Niliona alama za makucha yake."

"Ziko wapi? Twende tukawaonyeshe wazee."

"Nimezifagia."

Mwaka akacheka kicheko kisicho na furaha. "Na sisi tumefagia. Tumemfichia mwovu nyayo zake, tena kwa heshima zote."

Walikwenda kusema hivyohivyo, kila mmoja kwa watu wake. Mwaka aliambiwa akajichore mistari ahamie anakokupenda. Na Mzee Makame alimtazama Tunu mbele ya kundi zima, akasema, "Huyu analea mtoto wa nyumbu. Mlitegemea aseme nini?" Wakamcheka.

Adhuhuri wakakutana. Walisukumana kwa vifua, pundamilia wakauma kwa meno, nyumbu wakachoma kwa pembe, mbele ya jiwe lilelile walilolipigia magoti. Huku wakamwita Mungu. Kule wakamwita Mungu. Jina lilikuwa moja.

Vumbi likapanda, jua likafifia. Kombo akampotea mama yake. Akaona mistari, akaikimbilia. Lakini pundamilia wote wana mistari. Akakimbilia mwingine, na mwingine. Tunu alikuwa kati ya msukumano, hana pa kutokea, alipohisi kitu kimemgusa nyuma. Akarusha mateke, kama wanavyorusha pundamilia wote, bila kutazama. Kisha, au kabla, hakujua, akasikia sauti ikiita, "Mama mdogo."

Vumbi liliposhuka, Kombo alikuwa amelala kwenye mchanga.

Makundi yakatawanyika, moja kaskazini, moja kusini, kila moja likiacha wafu wake. Chemchemi ilikuwa imekanyagwa ikafa. Tunu hakuondoka. Alisimama juu ya ndama yule, na Mbweha akaja akitembea taratibu, kama mwenye nyumba.

"Mama, wenzako wamekwenda. Niachie huyo mdogo, nyama yake laini."

"Nakujua. Niliona makucha yako."

"Kaseme," akajibu Mbweha. "Lakini utamwambia nani?"

Akapita, akaenda kwa wafu wengine. Walikuwa wengi. Alikula akashiba.

Jua lilipopinda, Mwaka alirudi peke yake. Alimtazama mwanawe. Akamtazama Tunu.

"Ni wewe?"

"Sijui, shoga. Wallahi sijui."

Mwaka hakumsamehe, wala hakumfukuza. Alimlamba mtoto vumbi la usoni, kisha akasimama upande wa pili wake, akimpa Tunu mgongo. Wakabaki hivyo, mtoto kati yao, Mbweha asipate pa kupita.

Basi nanyi mnaosikiliza: ukiambiwa jirani yako amepachafua mahali pako patakatifu, kamuulize yeye kabla hujainua kwato. Mungu hakuomba alindwe. Aliyehitaji kulindwa ni Kombo.

Ngano imefika kwao. Tamu yake gawaneni. Chungu yake nitalala nayo mimi.