Aya Haitembei Bila Mamaye

Aya haitembei bila mamaye. Ndivyo mlivyosikia bweni zima likimzomea Ambakisye asubuhi ya leo, alipokataa kupiga deki kwa hoja kwamba Maria aliketi miguuni pa Bwana akasifiwa, na Martha wa kazi nyingi akakaripiwa. Ninyi wa kidato cha kwanza mmeniuliza msemo huo ulitoka wapi. Mmefanya vyema kuja kwa wazee. Mimi ni wa kidato cha sita, na ndevu zangu zimeshaanza kujadiliana kama zitoke au zisitoke. Kaeni chini. Ambakisye, usiende mbali na hilo dekio. Chanzo chake ni hiki.

Zamani za kale, yaani nilipokuwa kidato cha pili, mlangoni pa bwalo paliwekwa ubao wa Aya ya Juma. Ulikuwa kipande cha ubao wa darasani uliovunjika, mdogo kama sinia. Kiranja wa chakula aliandika aya moja hapo, nasi tuliikariri kwa sauti kabla ya kupakuliwa. Aya ndefu haikuenea, basi ilinyolewa mpaka ienee. Hivyo shule nzima tuliijua Biblia kama watu wanaomjua ng'ombe kwa mishikaki.

Kiranja huyo alikuwa Gwakisa wa kidato cha tano. Naomba msimcheke kabla sijamaliza, kwa maana ndiye shujaa wa habari hii. Alipohubiri, hata mbwa wa mlinzi alinyamaza.

Jumamosi tulipanda mlimani kuleta kuni za jikoni. Wote tulipanda, isipokuwa viranja, ambao kazi yao ilikuwa kututazama tukipanda. Na isipokuwa Lugano, mwenzangu wa darasa. Lugano hakuwa mgonjwa, wala hakuwa na kisa cha kutoa machozi. Alikuwa mvivu. Siku ya kuni alijificha katika kabati la majoho ya kwaya, akalala humo wima kama mchi.

Gwakisa alipogundua, aliandika ubaoni: Asiyetaka kufanya kazi, asile. Lugano akafika mlangoni na sahani yake, akakuta upawa wa Gwakisa umezuia njia.

"Ubao unasemaje, Lugano?"

"Unasema asile, kaka."

"Sasa mimi ni nani hata nibishane na Mtume?"

Bwalo lilicheka mpaka vijiko vikaanguka. Kuanzia hapo, kila Jumamosi Lugano alirudi bwenini na sahani kavu. Ukatungwa wimbo wa kumsindikiza. Hata siku za kawaida hakuna aliyeketi naye, kwa kuwa tulikuwa tumeshakuwa watakatifu. Yeye akaacha kuja maombini, akaniambia, "Kama Kitabu kile kinanichukia, na mimi nimekirudishia."

Jumapili moja alifunga sanduku lake la bati, akaliweka nje ya kanisa la shule. Geti halikufunguliwa kabla ya ibada kwisha. Ikiisha, angedandia gari la mkaa, ateremke mjini, asirudi tena shuleni wala kanisani. Akakaa benchi la mwisho, karibu na mlango.

Mhubiri alikuwa Gwakisa, na aya ilikuwa ileile. Msomaji wa somo alikuwa Atupele wa kidato cha tatu, binti mpole mwenye sauti ya kufika nyuma bila kupanda juu.

"Wathesalonike wa Pili, sura ya tatu, mstari wa kumi tu, dada," Gwakisa akamwambia. "Yanayobaki niachie mimi."

Atupele akautazama ukurasa, kisha akamtazama yeye. "Kaka, ukikuta mtoto mdogo barabarani peke yake, utamtuma dukani?"

"Hapana."

"Utamwuliza nini?"

"Mama yake yuko wapi."

"Basi mstari huu ni mtoto. Niruhusu nimwite mama."

Kanisa likacheka kidogo. Gwakisa, mbele ya watu wote, akamwashiria asome. Akainamisha kichwa. Atupele akaisoma sura tangu mwanzo.

Alipofika pale Mtume anaposema yeye mwenyewe alifanya kazi usiku na mchana ili awe kielelezo, macho yetu yakaenda kwenye mikono ya Gwakisa, laini kama maandazi. Mstari wa kumi ukapita. Alipofika panapoagiza asiyetii atengwe apate kutahayari, Gwakisa akainua kichwa na kutabasamu. Alidhani mama amekuja kumtetea. Lakini mama alikuwa bado hajamaliza. Maana mara ile sura ikasema mtu huyo asihesabiwe kuwa adui, bali aonywe kama ndugu.

Atupele akafunga Biblia, akaketi.

Gwakisa alipanda mimbarani. Kiranja mwingine angepiga meza. Yeye akasema, "Nilikuwa na mahubiri mazuri sana. Yamefia hapa." Akashuka, akatembea mpaka benchi la mwisho.

"Lugano, wewe ni mvivu."

"Ndiyo, kaka."

"Na mimi ni mvivu mwenye upawa. Kitabu hiki hakikuchukii. Mimi ndiye niliyekusomea nusu. Nisamehe, ndugu yangu. Jumamosi twende kuni, mimi na wewe, mzigo mmoja."

Lugano akalitazama geti, halafu akamtazama Gwakisa. "Hata mvua ikinyesha?"

"Hata ikinyesha."

"Mtume alikuwa mtu mgumu," Lugano akasema, akatoka kwenda kulirudisha sanduku bwenini. Gwakisa alishika mkono mmoja wa sanduku hilo, na mchana wakala sahani moja.

Tangu siku hiyo ubao haukuandikwa aya tena. Uliandikwa jina la kitabu na sura, na aliyetaka kujua imesema nini alikwenda kuisoma. Wahubiri wengi nimewasikia. Sijamwona mwingine aliyeliamini Neno kiasi cha kuliacha limhubirie yeye kwanza.

Sasa, Ambakisye, tufungulie Luka sura ya kumi, ulikomtoa Maria wako. Panda juu kidogo. Nani huyo anayetajwa kabla yake?

"Msamaria mwema, kaka."

Alifanya nini?

"Alifunga majeraha... akambeba mtu... akamuuguza."

Na Bwana akamwambia nini yule mwanasheria aliyesimuliwa hayo?

"Aende, naye akafanye vivyo hivyo."

Amelichukua dekio bila kuambiwa. Mpisheni. Aya haitembei bila mamaye.