Unyayo Mkubwa Kuliko Wote

Semeni niseme!
— Sema tusikie!
Niseme lenye ushahidi?
— Sema, tutalipima!

Basi lipimeni. Hapo kale Kiboko alikuwa mkuu wa ujenzi wa bwawa. Ukuta wa bwawa hilo ulianzia kilima hiki ukaishia kilima kile, na Twiga aliposimama chini yake hakuona upande wa pili. Nyuma yake ungezuiwa mto mzima. Mbele yake, bondeni, waliishi Swala na watoto wao, Ndezi na wajukuu wao.

Mkaguzi wa ukuta alikuwa Fuko. Macho yake yalikuwa hafifu, lakini kucha zake hazikuwahi kukanushwa. Siku ya kwanza alichimba ukutani, kwaru, kwaru, kwaru: akakuta majani mahali pa udongo wa mfinyanzi. Siku ya pili akachimba, kwaru, kwaru, kwaru: majani. Siku ya tatu, kwaru, kwaru: majani tena. Na udongo uko wapi? Fuko hakukisia. Alifuata madonge yake yaliyodondoka njiani mpaka nyumbani kwa Kiboko, akakuta umesakafia dimbwi lake la kuogea.

"Mheshimiwa," akasema Fuko, "ukuta una majani tumboni. Maji yakijaa, utapasuka."

"Nani mwingine ameyaona?"

"Mimi tu."

"Basi hayapo," akasema Kiboko. "Kesho utatia unyayo wako."

Katika nchi ile, ukuta haukupokea maji kabla mtu hajakanyaga udongo mbichi chini yake. Unyayo huo ulimaanisha: nimeridhika nao. Desturi ilikuwa na kipande cha pili, lakini wakubwa walikuwa wamekisahau, maana wakubwa hawakuwahi kutia unyayo.

"Na nikikataa, mheshimiwa?"

"Utafukuzwa, atatia Panya Buku. Yule hana maswali."

Fuko akapima. Akikataa, bonde litazama. Akikubali, bonde litazama, na unyayo utakuwa wake. Hakulala.

Kulipokucha wanyama wote wakakusanyika. Fuko akainua mguu juu ya udongo, akaushusha pembeni, akaguna.

"Mheshimiwa, naona haya."

"Nini tena?"

"Unyayo wangu ni kama punje ya mahindi. Ukuta wa ajabu namna hii! Wageni watauliza, kwani umejengwa na fuko?"

Kiboko akacheka mpaka mashavu yakatikisika. "Leo umesema la maana! Sogea, kijidudu wewe."

Akakanyaga: ndiii! Unyayo ukatokea, mpana kama sinia.

"Loo!" wakasema wanyama.

Kobe, mtunza desturi, akakohoa. "Unyayo wa nani huu?"

"Wangu! Nani mwingine ana mguu kama huu?"

"Mashahidi, mmesikia?"

"Tumesikia!"

"Basi mwenye unyayo ataketi papo hapo mpaka maji yafike ukingoni. Ndivyo desturi isemavyo. Tembo, ondoa jiwe linaloziba njia ya bwawani, mto uingie."

"Eti nini?" akasema Kiboko, lakini macho ya mashahidi wote yalikuwa kwake, akaketi.

Tembo akalisukuma jiwe. Wuuuuu! Mto mzima ukageuka, ukaingia bwawani kwa kishindo kilichotetemesha vilima vyote viwili. Maji yakapanda nyuma ya ukuta. Kiboko ameketi. Maji yakapanda. Kiboko ameketi. Kisha, nyuma ya sikio lake: chururu, chururu.

Msiniulize kama kiboko huogopa maji, haogopi. Aliogopa ukuta.

"Zuieni!" akalia. "Zuieni mto! Ndani ni majani! Nimeyaweka mwenyewe!"

Tembo akalirudisha jiwe. Ukuta ukatoa mlio mrefu, kama mzee anayeinuka kitini, kisha ukatulia. Bondeni, Swala mmoja alihesabu watoto wake mara mbili.

Mchana huohuo Kiboko alianza kuurudisha udongo, fungu kwa fungu, na Fuko akikagua kila fungu: kwaru, kwaru, kwaru.

Ngano nimeitua hapa. Mwenye shaka akaupime ukuta. Na funzo lake, enyi wafanyakazi, ni hili: msijitafutie sifa kazini. Zote mwachieni mkubwa wenu.