Pimbi na Kengele ya Kinu cha Miwa

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa kinu."
"Kikakamua!"
"Pakawa kengele."
"Ikalia!"

Ngojeni jamani, haijalia bado! Ndiyo ngano yenyewe hiyo.

Fisi alikuwa na kinu cha miwa kando ya mto. Maji yanasukuma gurudumu, gurudumu linazungusha kinu, kukuru, kukuru. Mferejini kunaelea kibuyu. Maji yakizidi, kibuyu kinapanda, kinavuta uzi, kengele inalia, lango la maji linaanguka, pwaa! Kinu kinasimama, roho zinapona.

Fisi na tamaa, tamaa na Fisi. Kinu kisimame? Thubutu! Akakifunga kibuyu kwa kamba kwenye jiwe, chini ya maji, kisipande. Yazidi yasizidi, kinu kukuru, kukuru.

Pimbi alikuwa mtumishi hapo, yeye na Punda. Walipoomba ruhusa ya kwenda kwao, Fisi alicheka mbele ya wateja.

"Kila kengele ikilia na kinu kikasimama, mmoja wenu aende kwao. Neno langu ni moja!"

Basi Pimbi akasubiri. Ng'ambo ya mto aliliona jabali la kwao. Jua likipanda, anajua mama yake ametoka kuota jua, ameacha nafasi ubavuni. Nafasi ya nani? Ya Pimbi. Mvua inakuja, kinu kukuru, kukuru, Pimbi anatazama jabali. Mvua inakwenda, kinu kukuru, kukuru, Pimbi anatazama jabali.

Siku moja anazoa majani mferejini, mkono ukagusa kamba. Kibuyu kimefungwa! Kumbe! Aikate? Fisi atafunga nyingine. Akaendelea kuzoa majani.

Ndipo akaja Ngiri na mzigo wa miwa.

"Bwana Fisi, kengele yako mbona hailii? Mimi wanangu wanakaa hapa chini ya ukuta wa mfereji. Bila kuisikia, miwa hii narudi nayo."

Fisi akaitazama miwa, mate yakamdondoka. "Maji yako chini, ndugu yangu. Italiaje?"

"Tuidanganye," akasema Pimbi.

"Nini?"

"Nitainua kibuyu kwa mkono. Kengele itadhani maji yamejaa. Lakini kudanganya kengele kuna adabu yake, Bwana Mkubwa. Kwanza tunachomoa kigingi, gurudumu lizunguke peke yake, kinu kisimkamate mtu. Pili, nafunga kitambaa chekundu, asiguse yeyote. Wewe unasimama langoni. Tukimaliza, aliyefunga ndiye anayefungua, kila kitu kinarudi kilivyokuwa."

"Maneno mengi na wewe mfupi hivyo! Fanya upesi!"

Pimbi akachomoa kigingi. Akafunga kitambaa. Akaingia mferejini, akafungua ile kamba kimya kimya, akaificha kwapani.

"Niinue, Bwana Mkubwa?"

"Inua!"

Pimbi akainua. Ngelele! Ngelele! Lango pwaa! Gurudumu likapunguza mwendo, likapunguza, likanyamaza. Ngiri akapiga vigelegele kama bibi harusi ni wake.

Pimbi akakiachia kibuyu taratibu. Akafungua kitambaa. Akarudisha kigingi. Akajifuta mikono.

"Bwana Mkubwa, kwaheri. Nakwenda kwetu."

"Kwenu wapi? Kengele ya uongo ile! Maji hayakuzidi!"

"Ulisema ikilia. Hukusema nani aiinulie kibuyu. Na aliyesema 'inua' ni nani?" Kisha akamsogelea, akamwonyesha ncha ya kamba. "Au nimweleze Ngiri kwa nini haikuwahi kulia?"

Fisi akameza mate. Akamtazama Ngiri. Akaitazama miwa.

"Nenda," akasema. "Nenda, potelea mbali!"

Punda akainamisha masikio. "Dada, ndiyo unaniacha?"

"Kamba naondoka nayo, ndugu yangu. Ngiri sasa anaijua sauti ya kengele, atakuja kuiulizia. Wewe tega sikio tu."

Pimbi akafunga kifurushi chake kwa ile kamba, akavuka mto. Mama alikuwa jabalini, na nafasi ilikuwepo. Pimbi akajilaza ubavuni, jiwe la moto, mama wa moto. Lakini sikio moja likabaki bondeni.

"Unasikiliza nini, mwanangu?"

"Hakuna, mama."

Mvua kubwa ikaja. Mto ukanguruma. Na kutoka kule chini: ngelele! Ngelele! Pwaa! Kukuru, kuku... ku... Kimya.

Pimbi akafumba macho.

"Punda anakwenda kwao," akasema.

Ngano yangu imefika kizingitini, nami natua mzigo. Funzo lake, wanangu, lishikeni sana: uongo ni mbaya. Msidanganye mtu, msidanganye hata kengele. Pimbi alidanganya, na mpaka leo, maskini, yuko kwao.