Kibaba cha Bondeni na Kibaba cha Kilimani

Nitoe, nisitoe?
— Toa.
Nikitoa mtashika?
— Kwa mikono miwili.
Basi shikeni, ni nzito kidogo.

Palikuwa na nchi mbili, katikati yake mto. Ng'ambo hii ni Bondeni, alitawala Kiboko. Ng'ambo ile ni Kilimani, alitawala Ngiri. Wazee wa nchi hizo walipasua kibuyu kimoja katikati. Nusu ikawa kibaba cha Bondeni, nusu ikawa kibaba cha Kilimani. Wakakubaliana kwamba mfanyakazi, hata awe mdogo namna gani, asilipwe chini ya vibaba vitatu vya mtama kwa siku. Tena kila nchi iwe na kibaba kimoja tu, na kila kinachopimwa kipimwe kwa hicho.

Kiboko alikuwa na mpishi, Nguchiro. Nasema Nguchiro, msimwite Kicheche. Kicheche ni mtu mwingine, na harufu yake ni nyingine. Nguchiro alikuwa mjane mwenye watoto wanne. Jioni alipika ugali wa vibaba vitatu, watoto wakala, wakashiba, wakalala matumbo juu.

Mwaka ukapita. Kiboko akapiga ngoma, ndu ndu ndu.

"Watu wangu, nawapenda. Ng'ambo wanalipwa vibaba vitatu. Ninyi nawapa vinne."

Watu wakashangilia. Wakiwa katika kushangilia, Kiboko akakikanyaga kibaba, pwaa, akaleta kibuyu kingine, kidogo. Nguchiro akapika vinne. Watoto wakala, wakakwangua chungu, kwaru kwaru.

Mwaka wa pili, ndu ndu ndu. "Ng'ambo vitatu. Ninyi sita." Pwaa. Akaleta kitoto cha kibuyu. Watoto wakala, wakakwangua chungu, kwaru kwaru, wakalamba mwiko.

Mwaka wa tatu, ndu ndu ndu. "Ng'ambo vitatu. Ninyi tisa." Pwaa. Akaleta ganda la konokono. Watoto wakala, wakakwangua chungu, wakalamba mwiko, na kitinda mimba akauliza, "Mama, tumemaliza au hatujaanza?"

 Asubuhi Nguchiro akabeba chungu na ujira wake hadi kwenye mawe ya kivukoni. Shoga yake Karunguyeye, mfanyakazi wa Kilimani, alikuwa akifua, ujira wake wa siku ukiwa kando yake.

"Hongera, shoga," akasema Karunguyeye. "Nasikia mmefika tisa. Sisi huku ni vitatu vilevile, tangu enzi za bibi zetu."

"Hebu lete hivyo vitatu vyako."

Vitatu vya Karunguyeye vikamiminwa chunguni, shwaa, vikafika shingoni. Wakavitoa. Tisa vya Nguchiro vikamiminwa, chwi, havikufunika hata kitako.

 Karunguyeye akasema, "Hamia kwetu."

"Nyumba ya mama iko kule. Halafu yule mzee si mbaya, shoga. Mume wangu alipofariki, kaburi alichimba yeye. Shida yake ni kupenda kusifiwa."

"Na wewe utafanya nini?"

"Nitamsifu."

Sasa, Kiboko mwenyewe hakuwa akila kwa kibaba. Alikula kapu zima la mtama kila siku. Siku ile Nguchiro akamwekea kapu lake, akaguna.

"Unaguna nini, binti yangu?"

"Si kitu, Mzee. Maneno ya kivukoni tu. Wanasema Ngiri anakula vibaba ishirini kwa siku, na wewe unakula kapu moja."

"Moja?"

"Ndivyo wanavyohesabu."

Kiboko akavimba. Akapiga ngoma, ndu ndu ndu. "Ngiri anakula ishirini. Kuanzia leo mimi nala vibaba sitini."

Watu wakashangilia, na Nguchiro akashangilia kuliko wote. Kisha akachukua ganda la konokono, akapima sitini, bila kupunja hata punje. Kiboko akafungua kinywa, mwaa, akafumba. Akangoja. Tumbo likasema gurugudu.

"Nguchiro, kapu liko wapi?"

"Nchi ina kibaba kimoja, Mzee. Nawe umeshatangaza."

Kiboko akaona haya. Kesho yake akatangaza themanini. Mwaa. Gurugudu. Akatangaza mia. Mwaa. Gurugudu, gurugudu. Ngozi ikaanza kumning'inia, na alipoingia mtoni maji hayakupanda tena ukingoni. Aliyeweka kibaba alikuwa amesahau kwamba tumbo lake nalo limo nchini.

Siku moja akamwita Nguchiro, akanong'ona, "Mama, lile buyu la zamani, hakuna lingine mfano wake?"

"Nusu yake iko Kilimani. Naweza kumwomba shoga yangu tukate kama lile. Lakini Mzee, tukirudi kwenye lile, sisi tutarudi kwenye vitatu kama ng'ambo, na wewe utarudi kwenye vichache. Watu watacheka."

"Wacheke. Nikishiba nitacheka nao."

Basi kibaba kikakatwa sawa na cha Kilimani. Ujira ukashuka kutoka tisa hadi vitatu, na Bondeni nzima ikashiba. Jioni ile kitinda mimba wa Nguchiro alisinzia tonge likiwa mkononi. Nguchiro akalitoa taratibu, akampelekea Kiboko nyongeza.

Funzo lake, watoto: bwana wako akikuongezea ujira, mshukuru, umshangilie, kisha chungulia chunguni.

Nimetoa, mmeshika. Aliyeona ni tamu aende nayo kwake. Aliyeona ni chungu aiache mlangoni, nitaiokota nikitoka.