Mstari Aliouruka Udaa

Mtu mmoja alikuwa na daftari la mapishi. Aliitwa Margwe, mfugaji wa nyanda za Hanang. Daftari lilikaa sandukuni, halikutoka. Aliyetaka kupikiwa alinakili ukurasa mmoja, akakata kwa mkasi masimulizi ya mababu yaliyojazwa katikati ya maelezo, akaunga vipande vilivyobaki kwa uzi, akampelekea mpishi. Ila mwana akioa, nyumba yake ilinakiliwa daftari zima, masimulizi na yote, maana hakuna aliyethubutu kuacha neno la wazee.

Ukurasa wa maziwa ulikuwa na amri pembeni: mtoto wa mwisho akiachishwa ziwa, mpishi wa maziwa, yule anayeyalainisha yakubalike tumboni, apumzishwe. Ndivyo ilivyokuwa kila nyumba. Mpishi akishaondoka, watu wazima wakinywa maziwa matumbo yaliwanguruma, wakaona haya kukaa mbele ya wageni.

Udaa, mke wa mwana mdogo, alinakili daftari la nyumba yake huku akimbembeleza kichanga. Akaruka mstari mmoja, ule wa amri. Kichanga kikakua, kikaota ndevu, na mpishi bado yuko jikoni. Mashemeji walimcheka Udaa, kisha wakakasirika. Walisema ameharibu maandiko ya wazee, wakataka daftari lichomwe na yeye arudi kwao. Udaa alilia sana, kwa kuwa aliipenda nyumba ile.

Kabla hawajaamua, mvua ikagoma miaka miwili. Mahindi yakakauka, wakabaki ng'ombe na maziwa yao kidogo. Kwingine watu wazima walikunywa wakaharisha, wakazidi kudhoofu. Kwa Udaa walikunywa wakubwa kwa wadogo, wakapata nguvu ya kufuata maji mbali na kuwabebea hata wale mashemeji.

Mvua iliporudi, Margwe alimwita Udaa mbele ya ukoo wote.

“Mkwe wangu, nyumba za wajukuu zitanakiliwa daftari lako, na kosa lako mtu asilisahihishe.”

Wanawake wakapiga vigelegele. Udaa akacheka mpaka akakaa chini.

Nanyi mnaonisikiliza, karibu kila chembe hai ya miili yenu imebeba daftari la urithi la namna hiyo, lililonakiliwa na mikono isiyohesabika. Je, unajua leo unaishi kwa kosa la bibi yako yupi?