Safari ya Sikawii

Safari isiyofungwa hupiga hodi. Mmemsikia mama muuza vitumbua akimwambia Gwamaka hivyo, kwa sababu Gwamaka ameacha kazi kwa fundi wake bila kuaga, nanyi mkacheka mkidhani ni mzaha wa sokoni. Si mzaha. Maneno hayo yalizaliwa hapahapa Tukuyu, na mimi nilikuwepo. Zimeni hiyo redio niwaambie yalivyoanza.

Tulikuwa wanaume watatu na tulikuwa na mchezo wetu wa mezani. Si bao wala karata. Katika mchezo huu mmoja ni msimulizi, na kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni. Msimulizi anasema, mmefika kwenye lango la mji, limefungwa, mnafanya nini? Wewe unasema mtu wako anafanya nini, unarusha dadu, na dadu inaamua kama umefaulu au umevunjika mguu. Hadithi haiishi. Inaendelea Jumapili hadi Jumapili, mwaka hadi mwaka. Wake zetu walituona wapumbavu, wanaume wazima wenye ndevu tukigombania upanga ambao haupo. Sikuwalaumu.

Msimulizi alikuwa Lugano, mwenye duka la fotokopi karibu na stendi. Tulichezea chumba cha nyuma cha duka lake. Mimi nilikuwa nachomelea mageti kama sasa, na mtu wangu mchezoni alikuwa mganga mwongo aliyeuza majivu. Wa tatu alikuwa Ipyana, dereva wa lori la ndizi. Mtu wake aliitwa Sikawii, mwindaji, jina alilolitoa kwenye maandishi ya nyuma ya lori lake. Ipyana mwenyewe alikuwa na sauti nyembamba, ya mtu anayekaribia kucheka. Akiwa Sikawii aliishusha, ikawa nzito na ya kukwaruza, kama gunia la mkaa linaloburutwa sakafuni.

Tulikuwa na desturi yetu. Hakuna aliyeingia mchezoni bila hodi. Kila mmoja alipiga hodi kwa sauti ya mtu wake, wengine wakaitika karibu, ndipo dadu zikatoka. Ukitaka kuondoka unaaga, na Lugano anakufungia safari.

Anaifungia wapi? Kwenye kompyuta. Hadithi ilikuwa imekua mpaka vichwa vyetu vikashindwa kuibeba. Nani alimuua chifu, daraja lipi limevunjika, binti wa mhunzi aliolewa wapi. Tulikuwa tunagombana badala ya kucheza. Lugano akapata programu ya kutunza mambo ya namna hiyo. Kila mtu wa hadithi alikuwa na ukurasa wake, kila mji na kila mto pia. Ukibonyeza jina la mji unaona wanaoishi humo na siri zao. Tena ilikuwa na kalenda. Mtu wako akiwa njiani wakati wengine wanacheza mahali pengine, programu inamrushia dadu yenyewe na kumchagulia tukio kati ya yale aliyoandika Lugano: amevamiwa na nyani, amepata asali, ameibiwa kofia. Jumapili unasomewa yaliyompata, mnacheka. Huendelea hivyo mpaka safari yake ifungwe.

Jumapili moja ya masika tukiwa katikati ya mchezo, tajiri wa Ipyana alimpigia simu kwamba mzigo uko tayari. Ipyana akainuka, akavaa koti.

Lugano akamwambia, "We, aga basi nikufungie safari."

"Niache njiani. Nitafunga nikirudi. Kwani nakufa?"

Tukacheka. Akatoka.

Lori lake lilikutwa mtoni, chini ya daraja, magurudumu yakitazama juu na mlango wa dereva uko wazi. Ndizi zilitapakaa kwenye mawe yote ya ukingo. Mto ulikuwa umejaa. Vijana walishuka na kamba, wakatafuta mpaka kule maji yanakotulia. Walipata koti. Ipyana hawakumpata.

Wazee wa ukoo wake walisema uzikwe mgomba badala ya mwili, kama walivyozikiwa wengine wa ukoo huo waliomezwa na maji. Watu walie, kaburi lifukiwe, mjane apumzike. Mkewe, Tusekile, alikataa mbele ya kikao kizima.

"Mnizikie mgomba! Kwani niliolewa na mgomba?"

Wazee wakaenda zao kusubiri.

Mimi na Lugano tulipokutana tena mezani, hatukuwa na moyo wa kucheza. Alifungua programu kwa mazoea tu. Ukurasa wa Sikawii ulikuwa na tukio jipya: amepata asali.

"Ifunge hiyo," nikamwambia.

"Nikiifunga si ndiyo nimemzika? Kwa kidole changu?"

"Basi nifunge mimi."

"Acha, Ambokile. Acha atembee kidogo."

Nikaacha. Lakini Lugano alikuwa na moyo laini na mdomo mrefu. Akamwambia Tusekile kanisani kwamba Sikawii bado anatembea. Alidhani anamfariji. Jumapili iliyofuata Tusekile akaja dukani na mtoto mgongoni, akaketi kwenye kiti cha Ipyana.

"Shemeji, nisomee."

Lugano akasoma. Nyani, kofia, mvua ya mawe. Tusekile akatabasamu, na hatukuwa tumeona tabasamu lake tangu lori lilipoanguka. Akawa haji kanisani tena, anakuja dukani moja kwa moja. Mpaka siku Lugano alipoanza kusoma akanyamaza.

"Soma," Tusekile akasema.

"Imeandikwa, 'Nguo hazikauki.'"

Tusekile alipoondoka nilimkamata Lugano shati. Nilimwambia huo si utani wa kumfanyia mjane. Akaapa kwa kaburi la baba yake kwamba hakuandika sentensi hiyo. Akanionyesha orodha yake ya matukio, na kweli haikuwemo. Matukio yake yalikuwa marefu, yenye mbwembwe. Nikamwambia umeandika ukasahau. Nilisema hivyo kwa sababu nilihitaji kulala.

Baada ya hapo nyani hawakuonekana tena. Yalikuja maneno mafupi tu. Ameuliza njia, hakujibiwa. Anatembea pembeni ya mashamba ya chai. Mbwa wamemjua. Halafu: anauona moshi wa nyumba.

Siku aliyosomewa hilo la moshi, Tusekile alirudi nyumbani na hakutoka tena. Alifungua mlango wa mbele akauacha wazi, mchana na usiku, moto ukiwaka jikoni ili moshi usikatike. Nanyi mnaujua ubaridi wetu wa miezi ile, ukungu unaingia mpaka kwenye chungu. Mtoto akaanza kukohoa. Mama yake Ipyana, Bibi Tupokigwe, alikuwa akiufunga mlango, na Tusekile akiufungua. Bibi akimchukua mtoto, Tusekile anamnyang'anya, anaketi naye kizingitini ili baba yake amwone kwanza. Mwisho yule bibi alikuja kwenye karakana yangu, akasimama kwenye cheche bila kuhofia zitamuunguza macho.

"Baba, huo mchezo wenu umemmaliza mwanangu, sasa unamaliza mjukuu. Mtoto hanyonyi. Njooni mkaondoe mlichokiweka."

Nilimfuata Lugano, nikamwambia beba hiyo laptopu. Tulipanda kilimani mchana ule wa Jumapili, mvua nyembamba ikinyesha, ukungu umezuia kila kitu isipokuwa njia chini ya miguu. Tulimkuta Tusekile kizingitini na kanga iliyolowa. Mtoto alikuwa amelala begani mwake, na pumzi zake zilisikika kutoka uani, zinakoroma kama chujio lililoziba. Kuku walikuwa wamejibanza barazani wakijikinga na mvua.

"Mmekuja kunisomea," Tusekile akasema.

"Tumekuja kufunga, shemeji," nikamwambia.

"Kafunge kwako."

"Mtoto anakufa, Tusekile."

"Baba yake yuko karibu. Akifika atampeleka hospitali na lori."

Bibi Tupokigwe akatuingiza ndani, na Tusekile akatufuata, akaketi na mtoto karibu na mlango. Lugano akafungua kompyuta juu ya meza ya chakula, akatafuta ukurasa wa Sikawii. Mstari wa mwisho ulisomeka: Yuko uani.

Hakuusoma kwa sauti. Hakuwahi kupata nafasi.

"Hodi."

Ilitoka nje, kwenye ukungu, hatua chache kutoka barazani. Nzito na ya kukwaruza. Tusekile akaruka akasimama, uso wake umewaka.

"Si niliwaambia? Ni yeye! Kari—"

Bibi Tupokigwe alimfunika mdomo kwa kiganja. Sikujua kwamba mzee yule ana nguvu kiasi kile.

"Nyamaza, mkwe wangu. Nyamaza unisikilize. Hii ni nyumba ya nani?"

Tusekile akajaribu kujinasua.

"Ni ya mwanangu. Aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali. Umeishi naye humu, lini ulimsikia akipiga hodi? Anasukuma mlango anaita chakula kiko wapi. Mwenye nyumba hapigi hodi kwake."

"Hodi."

Sasa nilikuwa nimeitambua. "Shemeji, hiyo si sauti ya Ipyana. Hiyo ni sauti yake ya mezani. Huyo ni Sikawii. Hajui kuingia mpaka aambiwe karibu."

Kitu kikaburutwa barazani, polepole.

"Lugano, funga!" nikasema.

"Nimebonyeza! Inaniuliza amefika wapi. Haifungi bila jibu."

"Andika popote!"

Akaandika jina la mji mmoja wa hadithi yetu. Programu ikakataa. Akaandika mlimani, ikakataa. Akaandika stendi, akaandika peponi, akaanza kulia. Na nje sauti ikavuta pumzi, kama mtu anayejiandaa kupiga hodi ya mwisho. Tusekile akauondoa mkono wa mama mkwe wake mdomoni. Nilidhani ataitika. Alikuwa akimtazama mtoto, ambaye kifua chake kilipanda kikakawia kushuka.

Akasema kwa sauti ndogo, "Andika mtoni."

"Shemeji?"

"Amefika mtoni. Hakuvuka. Andika hivyo, shemeji, na mimi ndiye niliyesema."

Lugano akaandika. Akabonyeza. Ukurasa ukafungwa.

Hodi ile haikuja. Nilikwenda mlangoni, kwa kuwa lazima mmoja aende. Hapakuwa na mtu. Lakini kuku wote walikuwa wametoka barazani, wamesimama kwenye mvua katikati ya uwanja, kimya, na hakuna aliyekubali kurudi chini ya paa. Tusekile akanipita, akaushika mlango, akaufunga mwenyewe kwa komeo. Ndipo akapiga ukunga. Ule ukunga aliokuwa amewanyima wazee ulitoka wote kwa mara moja, na majirani wakaanza kujitokeza kwenye ukungu, mmoja mmoja, wanawake wakifunga kanga viunoni wakiwa wanatembea. Mmoja wao alimchukua mtoto, akamkimbiza hospitali. Alipona. Sasa ni msichana mkubwa, na ana sauti nyembamba ya kuchekacheka.

Mgomba ulizikwa wiki ileile. Mimi na Lugano tulichimba. Watu walikaa matanga kama inavyotakiwa, na mama mmoja wa jirani, mwenye ulimi usiotulia, akamuuliza Tusekile mbele ya wenzake mbona alikataa kuzika kisha akageuka ghafla, au ni kweli wasemavyo kwamba marehemu alirudi?

Tusekile alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho.

"Marehemu hakurudi, dada. Mume wangu alikuwa ametulia mahali pake siku zote, mimi ndiye niliyekuwa simwachi. Anayekufa hapigi hodi. Safari isiyofungwa hupiga hodi."