Kwa Nini Uwanja wa Magungani Hunyamaza Goli Likiingia

Hapo zamani, uwanja wa Magungani ulipokuwa hauna ukuta, goli likiingia watu walipiga kelele papo hapo, kama wafanyavyo wa kwingine kote. Nyumba zilisogeleana na uwanja kiasi kwamba siku zisizo na mechi akina mama walianika nguo kwenye mwamba wa goli la kaskazini.

Nyuma ya goli hilo aliishi Bibi Nambua. Mwaka Magungani walipoingia fainali, binti yake Eliwaza alijifungua mtoto wa miezi saba, aliyeenea kwenye viganja viwili. Kwa siku tatu walimlisha maziwa kwa kijiko, tone baada ya tone. Jumapili ya fainali akashika titi kwa mara ya kwanza, lakini kila uwanja ulipolipuka alishtuka na kuliachia. Mara ya tatu alikawia sana kulishika tena. Eliwaza akaanza kulia.

Bibi Nambua hakuaga. Alikaza kanga kiunoni, akaingia uwanjani na kuukanyaga mpira kwa ndala yake.

“Bibi, toka! Hii fainali!” mwamuzi alifoka.

“Chezeni, baba. Mimi nimefuata kelele zenu tu. Mjukuu wangu ananyonya.”

“Sasa tushangilieje, bibi?” shabiki mmoja alidakia. “Tukonyezane?”

“Konyezaneni! Mna kanga, mna mashati, pungeni!”

Watu walicheka, mpaka walipoona haondoi ndala yake juu ya mpira. Mwamuzi akatia filimbi mfukoni, akatoa leso ya kupunga badala yake, na bibi akarudi nyumbani.

Zikiwa zimebaki dakika chache, Magungani wakafunga. Wachezaji walikumbatiana wameuma midomo. Kanga na mashati vilipepea uwanja mzima bila sauti, na macho yote yakageukia dirisha la Bibi Nambua. Ndani, yeye alikuwa akihesabu mafunda ya mtoto kwa vidole. Mtoto alinyonya mpaka titi likamtoka lenyewe mdomoni, akasinzia. Ndipo bibi akapunga pindo la kanga dirishani.

Vigelegele vikapasuka. Mtoto alikunja uso kidogo, akaendelea kulala.

Kuanzia Jumapili ile hadi leo, goli likiingia Magungani, watu hunyamaza kwanza na kupunga nguo wakitazama kaskazini, kisha ndipo hushangilia. Makipa wageni hudhani goli limekataliwa. Wakiuliza kuna nini, wenyeji huwajibu kwa kunong'ona:

“Subiri. Mtoto ananyonya.”